Kumsaidia Mtoto Kubuni Biashara Yake ya Kwanza

Ukimwuliza mtoto wa miaka 10 angependa biashara gani, atakujibu duka ama matatu, maanake hizo ndizo anazoziona kila siku. Swali lenyewe ni kubwa mno kwake. Sisi tunaonelea ni heri umpe wiki moja ya kuchunguza. Majirani hufuata kitu gani mbali? Hapa nyumbani ni nini kinachopotea bure? Na mikono yake yaweza kazi gani? Aandike majibu, hata kama ni nyuma ya daftari kuukuu.

Mara nyingi jibu liko karibu. Chukua miche ya sukuma wiki. Watu huitafuta sana mvua ndefu zikikaribia, na kumbe samadi imerundikana tu kando ya zizi. Mtoto akisia mbegu mwanzoni mwa Machi, zitaota kwa muda wa wiki moja hivi, na baada ya wiki 4 hadi 6 miche iko tayari kuhamishwa. Kumwagilia ni kabla ya shule na baada ya shule. (Sungura nao ni wazuri, huzaa baada ya siku 31 hivi, lakini wanataka kibanda, na kibanda ni mbao na misumari.)

Sasa hesabu. Tuseme mbegu zimegharimu shilingi 50, naye ameuza miche 80 kwa shilingi 2 kila mmoja. Mkononi ana 160, lakini faida ni 110. Ile 50 si ya kununua mandazi, ni ya mbegu nyingine. Mama naye akitaka miche 20 alipe kama jirani. Iliyobaki mtoto aipande, mistari iachane sentimita 60, baadaye auze mboga.

Hatusemi mtoto achuuze barabarani wenzake wakiwa darasani. Hiyo ni ajira ya watoto, na Sheria ya Watoto ya mwaka wa 2022 inaikataza.

Linalotusumbua zaidi ni sisi wazazi wenyewe. Pesa za mtoto hukopwa za unga "mpaka Jumamosi", na hiyo Jumamosi haifiki. Akifanyiwa hivyo mara mbili hatapanda tena, halafu tunamwita mvivu. Shida ikikubana, kopa kwa heshima: andika kiasi na tarehe katika daftari lake, kisha utie sahihi.