Kiwanda Angani: Je, Kitalipa?

Katika darasa letu la jioni hapa Kiboriloni mzee mmoja alituuliza: "Mwalimu, nimesikia redioni Wazungu wanataka kujenga kiwanda angani. Ardhi imewaishia?" Tulicheka, lakini swali lake ni la maana.

Hawafuati ardhi. Tazama mbege ndani ya kata. Ukiiacha itulie, machicha ya ulezi huzama chini, maana uzito huyavuta. Lakini ndani ya chombo kinachoizunguka dunia vitu huelea, havizami. Dawa ikigandishwa huko, punje zake, ziitwazo fuwele, huweza kutoka safi na zenye umbo moja kuliko za hapa chini.

Shida ni nauli. Sokoni sote twajua: mzigo usiorudisha nauli haupandishwi gari. Kupeleka kilo moja angani kwa roketi ya Marekani ni zaidi ya dola 5,000. Haya, piga hesabu: mkungu wa ndizi wa kilo 20 utalipiwa zaidi ya dola 100,000, na hapo ni kwenda tu! Kwa hiyo hakuna atakayefua majembe huko. Kinachofaa ni kitu chepesi kwa uzito na kizito kwa bei.

Mwaka 1985 Wamarekani waliuza vipunje vya plastiki vilivyotengenezwa angani, vya kupimia vitu vidogo sana katika maabara. Miaka hiyo hiyo kampuni mbili zilijaribu kusafisha dawa huko. Wataalamu wengine wakapata njia rahisi ya kuipata hapa hapa duniani, na mradi ukafa. Hatari hiyo bado ipo. Juni 2023 kampuni ya Varda ilirusha chombo, kikarudi Februari 2024 na fuwele za ritonavir, dawa ya wenye virusi vya UKIMWI. Lakini lilikuwa jaribio tu.

"Na mjukuu wangu atapata kazi huko?" mzee akauliza tena.

Kiwandani, hatudhani. Bali kwa jirani zetu Kenya, karibu na Malindi, Waitalia walijenga jukwaa baharini. Hapo ndipo setilaiti iitwayo Uhuru iliporushwa tarehe 12 Desemba 1970. Pako karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia una kasi zaidi, nao huisukuma roketi bure, ikatumia mafuta machache. Roketi ya mwisho iliondoka pale mwaka 1988. Biashara hii ikishika, sisi watu wa ikweta tunacho cha kuuza: stendi ya kupakilia mzigo.