Kupima Mawe ya Mulongwe kwa Kamera

Mji wa Uvira umebanwa kati ya milima ya Mitumba na Ziwa Tanganyika. Mito inayoupitia, Mulongwe, Kalimabenge na Kavimvira, inateremka kwa ukali, na mvua kubwa ikinyesha haileti mchanga peke yake: inasukuma hata majabali. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020, Mulongwe ulifurika. Makumi ya watu walipoteza maisha, maelfu ya nyumba yakaharibika.

Mawe yanayobaki mtoni ni kumbukumbu ya nguvu ya maji. Fundi anayetaka kujenga daraja au ukuta wa kingo hana budi kujua ukubwa wake, maana ndio unaoonyesha mkondo wa namna gani unaweza kuyahamisha.

Njia ya zamani ni ya Mmarekani M. Gordon Wolman, ya mwaka 1954. Mpimaji hutembea mtoni, huinama bila kuchagua, huokota jiwe lililo mbele ya kiatu, hulipima, kisha huendelea mpaka yatimie 100. Mgongo ndio unaolipa gharama.

Kamera hupunguza kazi hiyo. Rula huwekwa juu ya mawe makavu, picha ikapigwa wima kutoka juu. Programu kama BASEGRAIN, ya Chuo Kikuu cha ETH Zürich, huchora mpaka wa kila jiwe na kulipima. Kwa mchanga, David Rubin alipata ujanja mwingine mwaka 2004: picha hulinganishwa na nakala yake iliyosogezwa kidogo. Chembe zikiwa ndogo, mfanano hupotea upesi. Zikiwa kubwa, hudumu. Hakuna haja ya kuhesabu hata chembe moja.

Lakini picha huona juu tu. Jiwe lililozama nusu huonekana dogo, kivuli huwapotosha wapimaji, na mara nyingi tabaka la juu lina mawe makubwa kuliko lililo chini yake.

Tena kuna tope. Mwaka 1993 Andrew Cohen na wenzake walieleza kwamba kaskazini mwa Tanganyika, mahali miteremko iliyokatwa miti inapomwaga udongo mwingi ziwani, aina za samaki na za ostrakodi, wanyama wadogo wenye magamba, hupungua. Chembe za tope hilo ni ndogo mno kwa kamera ya kawaida. Kulipima kunahitaji chupa ijazwe maji ya mto wakati wa mvua, yachujwe, na masalia yapimwe uzito.