Futiboli ya Kimarekani: faida na hatari za mtindo wa shotigani

Sekunde 12 tu zilitosha. Tarehe 2 mwezi wa pili 2014, katika fainali ya ligi ya futiboli ya Kimarekani, NFL, Peyton Manning wa Denver Broncos alikuwa akisogea mbele kubadilisha maagizo. Kwa sababu ya kelele za uwanja, mwenzake alirusha mpira kabla yeye hajawa tayari. Mpira ukampita kichwani, na mchezaji wa Denver akauangukia katika eneo la mwisho la upande wao. Seattle Seahawks wakapata pointi 2 za bure, wakashinda 43 kwa 8.

Denver walikuwa wamejipanga kwa shotigani. Katika mpangilio wa zamani, kwotabeki, yaani kiongozi wa mashambulizi, husimama mgongoni mwa senta na kupewa mpira mkononi. Katika shotigani husimama mita 4 hadi 5 nyuma, naye senta humrushia.

Mtindo huo uliletwa na Red Hickey, kocha wa San Francisco 49ers, mwaka 1960, akaishinda Baltimore Colts 30 kwa 22. Mwaka uliofuata Chicago Bears walipata dawa. Walimsogeza Bill George mbele ya senta, ambaye akili yake yote ilikuwa kwenye kurusha mpira, wakashinda 31 kwa 0. Hickey akauacha. Tom Landry wa Dallas Cowboys aliurudisha mwaka 1975.

Faida kubwa ni muda. Kwotabeki anaona uwanja mzima tangu mwanzo, hahitaji kurudi nyuma, na walinzi wanaomkimbilia wana safari ndefu zaidi.

Hasara zipo pia. Mpira unaosafiri hewani unaweza kupotea, na kwotabeki lazima autazame, hivyo anawaacha wapinzani kwa kitambo. Mkimbiaji naye mara nyingi hupokea mpira akiwa bado hajashika mwendo. Ndiyo maana timu inayohitaji hatua moja tu mara nyingi hurudia mpangilio wa zamani.

Hata hivyo, msimu huohuo Denver walifunga pointi 606 kabla ya mechi za mtoano, rekodi ya NFL, mara nyingi wakianzia katika shotigani. Mita zilezile zilizompa Manning muda ndizo zilizompotezea mpira siku ya fainali.