TREKTA IKICHEMKA, USIKIMBILIE NDOO

Mkulima, bila shaka umewahi kuliona jambo hili. Trekta inavuta trela iliyojaa majani ya chai, nayo imefika katikati ya mlima. Mara mvuke mweupe unatoka mbele. Dereva anaruka chini, na watu wanakusanyika. Mmoja anapiga kelele, "Leteni ndoo ya maji!" Mwingine anakimbilia kifuniko cha rejeta ili akifungue. Hapo ndipo hasara kubwa inapoanza, kwa maana huyu wa pili aweza kuungua uso, na yule wa kwanza aweza kuipasua injini.

Tena kuna hasara nyingine ndani ya trela. Majani mabichi yaliyoshindiliwa pamoja hupata joto yenyewe, yakabadilika kuwa mekundu. Majani ya namna hiyo hayatoi chai nzuri, na kiwanda chaweza kuyakataa. Kazi ya wachumaji ya tangu alfajiri imepotea kwa sababu ya mkanda mmoja au mpira mmoja uliotoboka.

KWA NINI INJINI HUCHEMKA

Dizeli inapowaka katika injini, kama theluthi moja tu ya nguvu yake ndiyo inayofanya kazi ya kuvuta jembe au trela. Nyingine yote hugeuka joto. Sehemu ya joto hilo hutoka kwa bomba la moshi, na sehemu kubwa huchukuliwa na maji. Pampu huyazungusha maji kutoka katika injini hadi kwenye rejeta, na feni huvuta upepo wa kuyapoza. Basi, injini ikichemka, uliza maswali mawili: Je, maji yamepungua? Au maji yapo, lakini hayapozwi?

Sisi wa Kericho na Bomet tuna sababu ya kuangalia zaidi. Kule Mombasa maji huchemka yakifika digrii 100. Huku kwetu, karibu mita 2,000 juu ya bahari, maji yaliyo wazi huchemka yakifika kama digrii 93. Kifuniko cha rejeta ndicho kinachotusaidia. Kina springi inayoyabana maji yasichemke upesi. Kifuniko cha ratili 7 huongeza kadiri ya digrii 11 au 12. Springi ikilegea, au mpira wake ukikatika, msaada huo umekwisha. Basi usikubali kuziba rejeta kwa kitambaa au kwa gunzi la mahindi.

IKICHEMKA NJIANI, FANYA HIVI

1. Simama mahali salama, vuta breki na uweke mawe nyuma ya magurudumu.

2. Kama mkanda wa feni umekatika, au maji yamemwagika, zima injini mara moja. Kama maji yapo na feni inazunguka, iache ingurume polepole bila mzigo kwa dakika chache, ukitazama saa ya joto. Mshale usiporudi chini, zima.

3. Usiguse kifuniko. Ngoja nusu saa au zaidi, mpaka uweze kushika rejeta kwa mkono. Kisha funika kifuniko kwa gunia, ukizungushe kidogo ili mvuke utoke kwanza, ndipo ukiondoe.

4. Usimwage maji baridi katika injini yenye moto. Chuma kilichopata moto sana kikipozwa ghafla hupasuka, na silinda hedi iliyopasuka ni gharama kubwa. Injini ikiisha kupoa, tia maji kidogo kidogo.

5. Kama kuna trekta au gari nyingine, hamisha majani yaende kiwandani. Majani hayawezi kungoja fundi.

TAFUTA CHANZO, ANZA NA KILICHO RAHISI

Injini ya trekta hailewi maji kama inavyokunywa dizeli. Maji huzunguka tu. Ukiona unaongeza maji kila asubuhi, jua kwamba yana mahali yanakokwenda. Tazama mipira ya rejeta, vibano vyake, na chini ya pampu. Tandaza gazeti kuukuu chini ya trekta usiku, na asubuhi litakuonyesha palipodondoka.

Kama maji hayakupungua, tazama mkanda wa feni. Ubonyeze kwa kidole gumba katikati. Ukilegea sana, feni na pampu haziendi mbio ya kutosha. Mkanda wenye nyufa au mafuta ubadilishwe.

Kisha tazama uso wa rejeta. Wakati wa kupukuchua mahindi, trekta husimama mahali pamoja kutwa nzima ikizungusha mashine, na feni huvuta makapi na vumbi mpaka matundu yote yakaziba. Yasafishe kwa brashi laini na maji, ukisukuma uchafu kutoka upande wa injini kwenda nje. Fanya hivyo injini ikiwa baridi.

Hata wavuvi wa Ziwa Victoria wana taabu kama hiyo. Mashua yenye injini ndani yake huvuta maji ya ziwa ili kujipoza. Gugu maji likiziba mdomo wa bomba, injini huchemka ingawa imezungukwa na maji pande zote.

Kisha kuna thamostati, mlango mdogo unaofunguka maji yakipata joto. Mafundi wengine huiondoa na kuitupa. Usikubali. Injini nyingine hubaki baridi mno, nayo hulika upesi. Nyingine huzidi kuchemka, kwa sababu maji hupita njia ya mkato bila kufika kwenye rejeta. Kuipima ni rahisi: itie katika sufuria ya maji uyapashe moto. Isipofunguka kabla maji hayajachemka, nunua nyingine.

Mwisho, ukiona mapovu yanatoka kwenye rejeta bila kukoma, au oili imekuwa nyeupe kama maziwa, gasketi imeungua au hedi imepasuka. Usiwashe tena. Mwite fundi.

MAJI YA KUTIA

Maji ya mtoni huleta tope, na maji ya kisima mara nyingi huacha ukoko ndani ya injini kama ule wa birika. Sisi tumejaliwa mvua nyingi. Kinga maji safi ya bati baada ya mvua kuosha paa, uyachuje kwa kitambaa, kisha uchanganye na dawa ya rejeta ya kuzuia kutu kama kitabu cha trekta kinavyoagiza.

TREKTA YA WATU WENGI

Sasa neno kwa vikundi na vyama vya ushirika. Trekta ya mtu mmoja hutazamwa na mwenyewe. Trekta ya watu ishirini, kila mmoja hudhani mwenzake ameitazama. Mteueni mtu mmoja, jina lake liandikwe. Kila asubuhi kabla ya kuwasha atazame maji, oili, mkanda na uso wa rejeta. Ni kazi ya dakika tano. Akiongeza maji, aandike daftarini ameongeza kiasi gani. Daftari likionyesha lita moja leo, na mbili kesho, chama kitajua ugonjwa unakuja kabla trekta haijasimama mlimani.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mpira wa rejeta ni ufa, na injini iliyonoki ni ukuta. Kesho asubuhi, kabla ya kuwasha, fungua boneti utazame.