Sabuni ya Novemba, Dola ya Desemba

Hadi katikati ya Desemba 2015, kiwango rasmi mjini Juba kilikuwa paundi 2.95 kwa dola moja. Tarehe 15 Benki Kuu ikaiachia paundi ijitafutie bei sokoni, na dola ikaruka hadi 18.5 hivi.

Chukua mwenye duka wa soko la Konyo Konyo, aletaye sabuni kutoka Uganda kwa njia ya Nimule na kuweka mauzo yake kwenye hifadhidata. Jedwali lake lina idadi ya katoni na bei kwa dola. Jumla kwa paundi haiandiki. Akiitaka, huiuliza hifadhidata, na ulizo lenyewe linakokotoa: idadi mara bei mara kiwango, na jibu linapewa jina "jumla". Safu hiyo haimo ndani ya jedwali. Huzaliwa ulizo linapopita, kisha huondoka nalo.

Ni utaratibu mzuri. Edgar Codd wa IBM, katika makala yake ya mwaka 1970 iliyozaa hifadhidata za majedwali, alikwisha kuzungumzia hatari ya data inayojirudia. Ukiihifadhi jumla, siku utakaporekebisha idadi na kuisahau jumla, jedwali litakuwa na kauli mbili. Umri ni vivyo hivyo: hifadhi tarehe ya kuzaliwa, maana umri ulioandikwa huchakaa.

Taabu iko kwenye kiwango. Mwenye duka amekiweka mahali pamoja tu, na hukibadilisha dola inapopanda. Novemba aliuza katoni 10 za dola 20: paundi 590. Akiuliza tena baada ya tarehe 15 Desemba, mauzo yaleyale yanasomeka 3,700. Mashine imezidisha sawasawa. Ila imeuza sabuni ya Novemba kwa dola ya Desemba. Kiwango ni tukio, kama ilivyo tarehe, kwa hiyo kiandikwe kwenye mstari wa mauzo siku ileile. Jumla iendelee kukokotolewa.

Tena kiwango kisiachwe tupu. Kwenye SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, namba mara tupu ni tupu, na jumla ya mwezi huiruka mistari hiyo kimyakimya. Hili ndilo linaloniudhi zaidi: sabuni imetoka, fedha imeingia, ripoti haina habari. Kabla hujaiamini, hesabu kwanza mistari isiyo na kiwango.