Lori la Kahawa na Msaidizi Asiyeijua Murongo

Wanangu, leo nina lori, nina kahawa, na nina msaidizi ambaye hajawahi kukanyaga Kyerwa, mkoani Kagera, Tanzania.

Msimu ukifika, maghala ya vyama vya msingi hujaa magunia ya kahawa ya maganda. Tuseme lori moja limetumwa kuikusanya Murongo, Bugomora, Kaisho, Isingiro na Nkwenda. Dereva aanzie wapi, amalizie wapi? Kwa vituo 5 tu kuna mipangilio 120. Vikiwa 10, inafika 3,628,800. Vikiwa 20, kompyuta inayokagua mipangilio bilioni 1 kila sekunde ingehitaji zaidi ya miaka 70 kuimaliza, na kahawa haisubiri hivyo.

Mwaka 1954 wanahisabati watatu wa Marekani, George Dantzig, Ray Fulkerson na Selmer Johnson, walipata njia fupi kabisa ya kuzunguka miji 49 bila kukagua kila mpangilio. Mwaka 1959 Dantzig huyohuyo, safari hii na John Ramser, akalihamishia fumbo hilo kwenye malori yanayosambaza petroli. Programu za leo za kupanga njia zimetokana na kazi ya aina hiyo. Nyingi huanza na mpangilio wowote unaofaa, kisha hubadilishabadilisha vituo hadi safari ifupike, na jibu zuri hutoka kwa sekunde chache.

Sasa hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri. Siku hizi anayeiuliza programu si lazima awe mtu. Karani wa chama anaweza kumwandikia wakala wa akili unde, ndiye yule msaidizi wangu asiyeijua Kyerwa, "Nipangie safari ya kesho," naye wakala akaiita programu, akapokea jibu na kumweleza karani. Wakala huyo anaijuaje programu? Kwa kusoma maelezo yake tu: inaitwaje, inafanya nini, ijazwe nini, inarudisha nini. Mtu akikwama humpigia simu dereva mzoefu. Wakala huamini kilichoandikwa, na kisichoandikwa hukikisia. Kwa hiyo mwandishi wa maelezo hayo ana kazi kubwa kuliko inavyoonekana, maana lazima aseme wazi hata yale ambayo mtu wa Murongo hajawahi kuhitaji kuambiwa.

Chukueni mahali penyewe. Murongo ipo takriban nyuzi 1 kusini mwa Ikweta na nyuzi 30.7 mashariki. Programu nyingi hutaka longitudo itangulie, ingawa watu wengi wamezoea kutaja latitudo kwanza. Wakala akizigeuza namba hizo, lori linapangiwa safari ya kwenda jangwani Algeria. Akisahau alama ya kutoa, linavuka Ikweta na kuibukia Uganda, jirani na Ziwa Albert. Sentensi mbili zinatosha kuzuia yote hayo: "Andika longitudo kwanza, kisha latitudo, kusini mwa Ikweta tanguliza alama ya kutoa. Mfano, Murongo kwa makadirio: 30.7, -1.0." Mfano ule, wanangu, una thamani kuliko aya nzima ya maneno mazito.

Halafu saa. Karani anasema ghala linafunguliwa saa 2 asubuhi. Wakala akijaza 02:00, programu inalipeleka lori usiku wa manane, watu wote wamelala. Maelezo mazuri yatasema: "Muda uandikwe kwa mfumo wa saa 24, saa za Afrika Mashariki. Saa 2 asubuhi ni 08:00. Saa 10 jioni ni 16:00." Na uzito? Programu inahesabu kilo, karani anahesabu magunia. Wakala aelekezwe aulize gunia moja lina kilo ngapi, asibuni namba.

Kuna pia Mto Kagera. Ng'ambo ya Murongo ni Kikagati, Uganda. Ukipima kwa mstari mnyoofu, sehemu za kingo mbili za mto ni majirani. Lakini lori haliruki maji, na darajani kuna mpaka wa nchi, wenye forodha na vibali vyake. Kahawa ikivushwa nje ya utaratibu inakuwa magendo, hata kama aliyepanga njia ni mashine iliyoona barabara ya upande wa pili ni fupi. Mimi ningeweka kigezo kiitwacho ruhusu_kuvuka_mpaka, jibu lake la kuanzia liwe "hapana", na ningeandika kwamba ni mwenye safari peke yake anayeweza kulibadilisha. Ningeongeza pia: "Programu hii haijui mvua iliyonyesha jana. Barabara isiyopitika itajwe kabla ya kupanga." Kusema programu haiwezi nini ni sehemu ya maelezo ambayo waandishi wengi huiruka, nami naihesabu kuwa ya kwanza kwa umuhimu.

Mwisho ni pale mambo yanapogoma. Programu ikirudisha neno "kosa" bila zaidi, wakala anayetaka kumfurahisha karani anaweza kukiondoa kituo kimoja, tuseme Bugomora, kimyakimya, kisha akaleta ratiba iliyonyooka kabisa. Wakulima wa Bugomora watashinda ghalani na magunia yao, na hakuna atakayewaambia lori haliji. Mimi ningetaka ujumbe usomeke hivi:

"Kituo cha Bugomora hakifikiki kabla ya 16:00 kwa lori hili. Usikiondoe. Mweleze mwenye safari, kisha mwulize achague: muda uongezwe, au litafutwe lori la pili."