Kable za Kuwashia Motokari: Usinunue Mpira, Nunua Shaba

Wewe uko mtu wa inchi ya shaba. Toka Lubumbashi mpaka Likasi na Kolwezi, jamaa nyingi ziko na baba ao kaka aliyefanya kazi ya shaba. Lakini tukifika sokoni kununua kable za kuwashia motokari, tunasahau kuuliza kama ndani mwake mna shaba ya kweli. Tunaangalia unene wa mpira, tunauliza bei, tunalipa. Kisha siku moja mtoto anapata homa kali saa nane ya usiku na batri imekufa. Jirani anakuja kusaidia na motokari yake, kable zinapata moto, na motere haizunguki. Utafanya nini?

Sikia sababu. Demareri, ile motere ndogo yenye kuzungusha motere kubwa, inaomba umeme mwingi kwa sekunde chache: karibu ampere 100 mpaka 200 kwa motokari ndogo ya esansi, na zaidi ya 300 kwa motere ya mazuti. Umeme ni kama maji: mfereji mwembamba hauwezi kupitisha mto. Kable mbili za metre 3, zenye shaba ya mm² 6, zinapoteza zaidi ya volti 3 kwa ampere 200. Zile za mm² 16 zinapoteza karibu volti 1,3 tu. Njo maana kable nyembamba inawasha redio lakini haiwashi motere.

Mbele ya kulipa, angalia mambo ine:

1. Shaba yenyewe. Mwuzaji atasema: «Papa, hii iko ya nguvu, kamata tu!» Omba uone ncha ya waya. Kwangua uzi mmoja na kisu. Shaba ya kweli inabaki nyekundu mpaka ndani. Kama inatoka nyeupe, ni aliminyumu iliyopakwa shaba, na hiyo inapitisha umeme karibu 60% tu ya shaba. Pima pia kwa mkono: aliminyumu ni nyepesi sana.

2. Unene wa shaba, si wa mpira. mm² 16 inatosha kwa motokari ndogo ya esansi. Kwa jeep ya mazuti tafuta mm² 25, na kwa motere kubwa zaidi mm² 35.

3. Pensi. Ziume kwa nguvu. Waya ifungwe vizuri ndani ya pensi. Ukiivuta na inacheza, rudisha.

4. Urefu. Metre 3 inatosha mara nyingi. Ukiongeza urefu, ongeza na unene.

Sasa namna ya kuzitumia. Zima motokari zote mbili, wala zisigusane. Batri yenye kupasuka usiiguse. Funga nyekundu kwenye + ya batri iliyokufa, kisha kwenye + ya batri nzima. Funga nyeusi kwenye – ya batri nzima. Ncha ya mwisho usiifunge kwenye batri iliyokufa: ifunge kwenye chuma tupu cha motere, mbali na batri. Batri inatoa gazi yenye kulipuka, na cheche moja inaweza kuunguza macho yako. Kwa hiyo hakuna sigara wala mshumaa pale. Washa motokari yenye kusaidia, ngoja dakika chache, ndipo ujaribu ile ingine. Ikiwaka, toa kable kwa kurudi nyuma: ya mwisho itoke ya kwanza.

Vijana wenye kufanya kazi karibu na makamyo ya mine, mushike hili: kamyo kubwa nyingi ziko na volti 24, na motokari ya nyumbani iko na volti 12. Musiunganishe hata siku moja. Itaharibu vyombo vya umeme na inaweza kupasua batri.

Na wewe mama, kazi hii haiombi nguvu ya mwanaume. Inaomba kufuata mwendo tu. Mujifunze pamoja mchana, batri ikiwa nzima, ili usiku wa shida mtu asitetemeke.